Sahani Juu ya Friji

Kwa. Kwa. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu kwaa, moja ndefu, iliyofanya vikombe vyetu kabatini vitetemeke.

Sauti hiyo ningeitambua hata nikiamshwa usingizini. Juma lililopita jirani yangu wa juu hapa Mansfield, mama mmoja wa Bukavu, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, sakafuni kwake, nami nikaacha vyombo kwenye sinki nikasimama na povu mikononi, natabasamu peke yangu. Sombe na sauti ile ya utotoni wala hazifanani. Kilichonirudisha ni kule kusikia maisha ya mtu mwingine kupitia ukuta, ukayatungia hadithi yako mwenyewe kabla hujayaona.

Hadithi yangu mimi ilikuwa hii: jirani yetu alikuwa akimchapa mwanawe.

Tulikuwa tuna miezi michache tu Houston, mimi na mamangu. Mama alikuwa mwalimu wa sayansi Mombasa, akapata kazi katika shule moja ndogo magharibi mwa Houston, upande wa kuelekea Katy, mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Baba alibaki nyumbani na kazi yake ya bandarini. Mimi niliandikishwa shule hiyo hiyo ya Mama. Walimu wengi pale walikuwa Waturuki, na mmoja wao, Mwalimu Cemal wa hesabu, alikaa mlango wa pili na wetu pamoja na mkewe Nermin na binti yao Elif, aliyekuwa rika langu. Ukuta wao ndio ukuta wetu.

Sasa, mimi nilitoka mahali ambapo mwalimu wa hesabu na fimbo ni kitu kimoja. Mwalimu wa hesabu asiye na fimbo nilikuwa sijamwona. Na Jumamosi moja kwenye ngazi nilimkuta Nermin akipanda na mfuko wa unga begani, na mkononi ameshika fimbo. Nyembamba, ndefu kuliko mkono wangu, imelainika kwa kushikwashikwa. Haikuwa mpini wa ufagio wala bakora ya kutembelea. Mimi fimbo nazijua. Jumamosi ile ile nikaisikia ikifanya kazi yake: kwa, kwa, kwaa. Kilichonishangaza ni kwamba Elif halii. Nilimwonea huruma, tena nikamheshimu mno. Kwenye basi la shule nikaanza kumpisha kiti cha dirishani, bila kumwambia kwa nini.

Mama sikumwambia. Mama alikuwa na yake.

Nguo zake zote zilikuwa bado ndani ya sanduku. Sanduku kubwa la kijani lenye magurudumu, limesimama kando ya mlango wa chumba kama askari wa zamu. Kila asubuhi alililaza, akafungua zipu, akatoa gauni la siku hiyo. Zikishafuliwa nguo zilikunjwa zikarudi humo humo. Kabati la ukutani lilikuwa tupu, lina henga za waya peke yake, na hewa ya moto ya kupashia nyumba ilipopuliza kutoka darini henga zile zilikuwa zikigongana, ting ting, kama mtu anatucheka taratibu.

"Mama, mbona hutundiki nguo kabatini?"

"Mgeni hatundiki nguo, mwanangu."

"Sisi ni wageni mpaka lini?"

"Nenda kapige mswaki."

Kwetu Mombasa mlango wa nyanya haukuwahi kufungwa mchana. Mtu anaingia kuomba chumvi, anatoka baada ya alasiri. Hapa mlango ulifunguliwa na sisi wawili tu. Mama akitoka kazini alikuwa akiingia msalani na kuufungua mfereji, na mimi nilikaa nje nikisikiliza yale maji yanayomwagika bila mtu kuoga.

Wenzangu mliokua zama zile mnazikumbuka kadi za simu, za kukwangua namba kwa sarafu, na yule mwanamke wa ndani ya kadi anayekatiza maneno ya watu kuwaambia dakika zinakwisha. Jioni moja, siku chache kabla ya Ramadhani, Mama alikuwa akizungumza na nyanya, nami niko chini ya meza na kalamu zangu za rangi.

"Nikwambie kweli, mama," akasema. "Tukiila Idi peke yetu humu ndani, mwaka wa pili sitaki. Si-sign. Tunarudi."

Sauti ya nyanya ikatoka kwenye simu nikaisikia hadi chini ya meza. "Nilikwambia. Si nilikwambia? Wewe mkono wako wa chaki, nani atakupikia huko?" Yule mwanamke wa kadi akaingilia, na simu ikakatika.

Mimi sikutaka kurudi. Msidhani ni mambo ya Amerika, vibanzi na katuni. Ni kwa sababu ya jambo moja nililoliona. Alasiri moja nilimngoja Mama nyuma ya darasa lake. Alikuwa amepanga ndimu mezani, amezichoma misumari na vipande vya shaba, ameziunga kwa nyaya, na kwenye ncha ameweka taa ndogo kama punje ya mtama. Akaunga waya wa mwisho. Taa ikawaka. Darasa zima likasema aaah, hata wale wavulana warefu wa nyuma waliokuwa wakiiga matamshi yake. Na uso wa Mama, sijui niseme nini. Nyumbani sikuwahi kumwona na uso ule. Nilitaka auvae kila siku.

Kwa hivyo nilijua, na nikajua peke yangu: kabla ya Idi lazima mtu apatikane wa kubisha mlango wetu.

Akabisha Nermin. Ramadhani ilikuwa imeingia, baridi, giza linawahi. Nilifungua nikamkuta na sahani nyeupe yenye ua la buluu katikati, imefunikwa kitambaa. Nikakumbuka fimbo, lakini adabu nayo ni adabu.

"Shikamoo," nikasema.

"Merhaba," akajibu, akitabasamu.

Nikasimama mdomo wazi. Mtu wa fimbo, lakini kufunzwa amefunzwa. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kwao hiyo ni salamu tu ya kila siku.

Ndani ya sahani mlikuwa na börek, vitu vya tabaka nyembamba kama karatasi, katikati jibini na kotimiri, bado vinatoa mvuke. Mama alifuturu navyo amefumba macho. Kisha akaiosha sahani, akaikausha kwa kitambaa kisafi, akaitazama, na uso wake ukaanguka.

"Sahani ya watu hairudi tupu," akasema.

Hiyo mnaijua. Kwetu kurudisha sahani tupu ni kama kumwambia jirani usilete tena. Tatizo ni kwamba Mama alikuwa hajui kupika. Alilelewa na vitabu, na wakati wenzake wanakanda yeye alikuwa anasoma taa za ndimu. Alijaribu mahamri. Hayakufura, yalilala mafutani kama viganja vya mtu aliyechoka. Akajaribu kaimati, zikatoka ngumu, nikaangusha moja ikabingirika mpaka chini ya kochi bila kuvunjika. Tulizila wenyewe, tukizichovya chai zilainike. Na ile sahani ya ua la buluu ikapandishwa juu ya friji.

Ikakaa. Siku zikaenda. Mama akaanza kuchungulia kwenye kitundu cha mlango kabla ya kutoka, asije akakutana na Nermin ngazini. Shuleni akimwona Mwalimu Cemal anapita njia nyingine. Na Nermin, aliyekuwa akitupungia mkono kila asubuhi, akaacha. Akituona anainamia mfuko wake kana kwamba anatafuta funguo.

"Mama, tumrudishie tu."

"Na nini? Nimpelekee mawe?"

"Nunua keki dukani."

"Yule kanda kwa mikono yake. Nimrudishie ya dukani? Usinitie aibu mimi."

Basi Ramadhani ikafika katikati, sanduku limesimama, sahani iko juu, na hewa ya moto ikipuliza, henga zinatucheka.

Jumamosi moja, jua linaelekea kuzama, Mama alishuka kwenye chumba cha kufulia na kapu la nguo. Ukutani ikaanza: kwa, kwa, kwaa. Nikamfikiria Elif. Nikaifikiria Idi. Nikatazama juu ya friji. Sikuwa na ruhusa ya kuwasha jiko, lakini maikrowevu niliruhusiwa. Na kabatini mlikuwa na pakiti ya bisi.

Nikavuta kiti nikaiteremsha sahani. Nikazipasha bisi mpaka mfuko ukavimba na kunyamaza. Nikazimimina juu ya lile ua la buluu, zikaonekana nyepesi mno, kama zawadi ya ndege. Nikafikiri: nyanya angefanyaje? Nikalichukua kopo la iliki alilotufungia yeye mwenyewe, ambayo Mama alikuwa akiitia kwenye chai kwa kubana kama dawa, nikanyunyiza, na sukari juu. Harufu ikapanda. Nikaenda.

Mlango ni hatua chache tu, lakini nilikuwa nimeamua mambo mawili kwa pamoja: kurudisha sahani, na kumwokoa Elif. Kwamba mtu hawezi kuchapa mtoto huku mgeni amesimama sebuleni. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

Nikabisha. Ile kwa, kwa ikakatika. Elif akafungua mwenyewe, mzima, mikono yake nyeupe mpaka viwikoni, puani ana unga.

Nyuma yake Nermin alikuwa amekaa sakafuni juu ya kitambaa kikubwa, mbele yake ubao wa duara wenye miguu mifupi. Fimbo ilikuwa mikononi mwake, imezungushiwa donge la unga. Akaiviringisha mbele, akaivuta nyuma, akaipiga ubaoni, kwa, akaikunjua, na donge likawa shuka. Nyembamba, unaona mkono wake upande wa pili.

Nikaitazama fimbo. Nikamtazama Elif.

"Kumbe anachapa unga," nikasema kwa Kiingereza changu cha wakati ule.

"Sasa achape nini?" akauliza Elif.

Nilimnyooshea kidole yeye. Kisha akamgeukia mamake akatafsiri, na Nermin akaiachia fimbo, akajishika ubavu, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga mashavuni. Mwalimu Cemal akatoka chumbani na miwani kwenye paji la uso kuuliza kuna nini. Mkewe akamwambia, nami nikatafsiriwa na Elif: "Anasema, mtaa mzima wajua wewe ni mkatili. Ndiyo maana majirani wanatukimbia."

"Mimi?" akasema Mwalimu Cemal. "Mimi Elif ananinyang'anya rimoti."

Hapo ndipo Mama alipopanda ngazi na kapu lake, akaukuta mlango wa jirani wazi, na mwanawe amekaa sakafuni kwa watu. Akaona sahani. Akaona kilichomo. Akanong'ona kwa Kiswahili, meno yamebana, "Umewarudishia watu bisi?"

Nermin alikuwa ameinama juu ya sahani. Alikuwa amefunga, hawezi kula, lakini alikuwa ananusa, amefumba macho. "Hii ni nini?" akauliza.

"Iliki," Mama akasema. "Samahani. Mtoto huyu. Mimi nilitaka kukuletea kitu cha maana. Kwetu sahani hairudishwi tupu."

Nermin akafumbua macho. "Kwenu pia?"

"Pia?"

"Mimi nikangoja," akasema Nermin. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota, akikijazia kwa mikono. "Nikangoja siku nyingi. Nikamwambia Cemal, mwalimu hakupenda chakula chetu. Ametupa. Kwa hiyo sahani haina pa kurudia."

Mama akakaa chini na kapu lake la nguo, pale pale mlangoni. "Wallahi nililamba sahani," akasema. "Nilishindwa kupika tu."

Walitazamana wanawake wale wawili, kila mmoja alikuwa amekaa nyuma ya mlango wake akiona haya kwa ajili ya sheria moja ile ile. Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka jua lilizama tukiwa palepale, tende zikazungushwa, na kitu cha pili alichokitia Mwalimu Cemal mdomoni, kabla hata ya supu, ni bisi zangu. Akatikisa kichwa kwa heshima kama anayesahihisha jibu zuri.

Usiku ule hatukurudi na sahani tupu, bila shaka.

Kutoka siku hiyo mlango wetu ukawa mlango wa watu. Nermin aliingia bila kungojea jibu, amevua viatu tayari. Nilimwita teyze, ndivyo Elif alivyonifunza, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Tulifuturu kwao, wakafuturu kwetu, chai ikinywewa kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, hadi Mama akafunzwa kwamba ukilaza kijiko juu ya gilasi ndipo watakapoacha kukumiminia. Kabla ya kujua hilo alikuwa amekunywa chai ya kuoshea gari.

Na Jumamosi zote zilizobaki Mama alikaa sakafuni na ile fimbo. Teyze alimkanda mikono kama anavyokanda unga.

"Wewe una haraka," alimwambia. "Unga si mwanafunzi. Usimwulize swali kila dakika. Mfunike. Mwache alale."

Mama, mtu wa sayansi, akaenda kusoma kuhusu hamira, akarudi akimweleza Teyze mambo ya vijidudu na joto. Teyze akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo. Mfunike."

Siku moja kabla ya Idi Mama alikanda mahamri, kwa tui na iliki ya nyanya. Akayafunika kwa kanga. Hakuyafunua. Mimi nilitaka kuchungulia, akanipiga mkono. Akayasukuma kwa fimbo ya Teyze, akakata, akatia la kwanza mafutani. Likazama. Likainuka. Likageuka upande, likavuta pumzi, likafura kama shavu la mtoto.

Akatia la pili. Likafura. Akatia manne kwa mkupuo. Tulisimama wote kuzunguka jiko lile dogo, Teyze, Elif na mimi, tumetazama karai kama watu wanaotazama mpira. Yalipokwisha yote Mama aliikwangua kadi ya simu kwa ukucha.

"Yamefura, mama. Yote."

Kisha nyanya: "Nani kakupikia?"

Idi tulikwenda Fort Worth, karibu na Dallas. Kila bayram, kama wanavyoiita wao, Teyze alikwenda kwa dadake mkubwa, na mwaka ule alisema hakanyagi gari bila mwalimu. Kulala ni lazima, njia ni ndefu. Mama akatafuta mkoba, hatukuwa na mkoba. Tulikuwa na lile sanduku la kijani tu.

"Mwalimu, usiku mmoja," Mwalimu Cemal alisema alipoliona, huku akilisukumiza kwenye buti. "Umebeba na darasa?"

Mama akacheka, lakini mimi nililiona jicho lake likilitazama sanduku. Alikuwa amesema halitasogea ila kuelekea uwanja wa ndege. Sasa lilikuwa limeketi pamoja na sinia ya mahamri na viatu vya Elif, kwenye barabara kuu ya kwenda Dallas.

Nyumbani kwa dadake Teyze viatu vilijaa mlangoni mpaka ukumbini. Tulipoingia tulimiminiwa marashi ya ndimu viganjani, na Mama, aliyezoea mrashi wa harusini kwetu, akanyoosha mikono bila kuambiwa. Kulikuwa na watu wa kila umri. Walipoambiwa huyu ni mwalimu, watoto wakapanga mstari. Mmoja mmoja waliuchukua mkono wake, wakaubusu, wakaugusisha kwenye paji la uso. Hocam, walimwita, mwalimu wangu. Hata vijana wenye ndevu zinazoota. Hata dadake Teyze mwenyewe alimsimamia, akampa kiti karibu na dirisha.

Nikamtazama Mama, mkono wake wa chaki ukipita kutoka paji hadi paji. Na uso ule ukawaka. Uso wa ndimu na misumari. Chumbani kwa watu, siku ya Idi, si darasani.

Sinia ya mahamri ilizunguka ikarudi na makombo. Mama mmoja mzee alificha moja kwenye mkoba wake, nikamwona, akajiwekea kidole mdomoni ili ninyamaze.

Tulirudi Houston kesho yake alasiri, miguu imekufa ganzi. Mwalimu Cemal akalipandisha sanduku hadi mlangoni petu, lakini Teyze hakutuacha tuingie.

"Chai kwanza."

"Nermin, nimekunywa chai mpaka nasikia mawimbi."

"Laza kijiko," Teyze akasema, akamvuta mkono.

Mama akanipa ufunguo. "Liingize sanduku ndani, mwanangu, kisha uje."

Nikaliburura mpaka chumbani, nikalisimamisha pale pale pake kando ya mlango. Kutoka upande wa pili wa ukuta nikamsikia Mama akicheka, kicheko cha nyumbani kwa nyanya, kile cha kuegemea ukuta. Nikageuka niende. Kisha nikarudi.

Nikalilaza sanduku, nikafungua zipu. Nikaleta kiti cha jikoni mbele ya kabati. Gauni la Idi nilianza nalo, bado lina harufu ya ndimu. Kisha sketi ya darasani yenye chaki pindoni. Kisha kanga, nikazikunja juu ya ufito wa henga. Koti la baridi lilikuwa zito, nililipandisha kwa kulikumbatia. Sikuulizwa na sikumwuliza mtu. Sanduku lilipobaki tupu nikalifunga, nikalisukuma kwa mguu mmoja hadi chini ya kitanda.

Hewa ya moto ikapuliza. Nikasikiliza. Henga hazikugongana.